Blanketi la Mama Viraka na Nafasi Aliyoiacha Wazi

Mchungaji, wafiwa wenzangu, majirani, na ninyi mliosimama nje kwa sababu viti havikutosha, familia imenipa mimi karatasi hii niisome, si kwa kuwa najua kusoma kuliko wengine, bali kwa kuwa nimebaki peke yangu ninayeyakumbuka haya tangu mwanzo, kwa hiyo anayetaka kulia asubiri nimalize, sauti yangu haina nguvu ya kushindana na mtu.

Marehemu dada yangu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Viraka, alizaliwa tarehe 14 Machi 1946, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kinu cha kusaga nafaka, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili, wa pili ndiye mimi. Alianza shule ya msingi Januari 1954, akamaliza darasa la saba Desemba 1960, na mwalimu wake wa kazi za mikono aliandika kwenye ripoti kwamba hesabu hazimwingii lakini mshono wake haufumuki, maneno ambayo yamekuwa kweli mpaka juzi, pamoja na yale ya hesabu.

Tarehe 3 Aprili 1962 aliajiriwa katika kiwanda cha kushona sare, akawekwa meza ya kola, akakaa hapo miaka ishirini na moja akishona kola tu, hata watu wakasema akikusalimia anakutazama shingoni. Kila Ijumaa msimamizi alimruhusu kubeba mabaki ya vitambaa yaliyokuwa ya kutupwa, na mabaki hayo ndiyo yaliyomfunza kushona mablanketi ya viraka. Kiwanda kilipofungwa tarehe 30 Juni 1983, alinunua cherehani mojawapo, akaiweka barazani, na wateja wakamfuata huko huko.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 9 Septemba 1967, na seremala tuliyemwita Bwana Futi, kwa kuwa futi yake ya kupimia haikumtoka shingoni hata siku ya harusi, asiyeamini akaangalie picha ukutani. Walijaliwa watoto watatu, binti mwaka 1968, binti mwingine mwaka 1971, na mwana mwaka 1975, ambaye ni dereva wa lori, na ambaye, nasema mimi kwa kuwa dada zake hawatasema, anashona vizuri kuwashinda wote wawili. Bwana Futi alitangulia mbele za haki tarehe 21 Juni 2003.

Kuanzia mwaka 1985 marehemu aliongoza akina mama wa kanisa hili katika kushona mablanketi ya watoto wachanga ambao mama zao walifika hospitali mikono mitupu, yametoka mablanketi mia mbili na kumi na mawili, na katika ninyi mnaonisikiliza wapo waliofunikwa nayo, leo wana ndevu.

Lakini lililokuwa kubwa kuliko yote ni lile la ukoo, lililoanza mwaka 1969, ambalo kila mtu wa ukoo ana kiraka chake humo, kimekatwa katika nguo aliyoivaa mwenyewe, kikashonwa kwa mkono, kwa sababu alisema cherehani inakimbia kuliko sala. Kila Jumamosi asubuhi alilitandaza kitandani, akaweka kiganja juu ya kiraka kimoja kimoja, akamwombea mwenyewe, na ukiwa na haraka zako ulisubiri mlangoni.

Mama yetu alifariki tarehe 5 Mei 2008, na wiki haijaisha marehemu akaingiza mkasi katika gauni la Jumapili la mama, lile la bluu, bila kuniuliza. Nilimkuta katikati ya kazi, nikamwambia maneno ambayo sitayarudia mbele ya mchungaji, nikanyakua mkono mmoja wa gauni, nikaondoka nao. Jumamosi iliyofuata alikifumua kiraka changu, akaacha nafasi wazi katikati ya blanketi, upana wa viganja viwili, kwa maelezo kwamba hawezi kumwombea mtu huku nyongo imemjaa, na Mungu si wa kudanganywa. Nafasi hiyo imekaa miaka kumi na mitano, wageni wakiuliza aliwajibu kwamba hapo pana mtu, ila amesafiri, wakati mimi nilikuwa nakaa nyumba ya tatu kutoka kwake.

Februari mwaka huu wa 2023 alianza kuvimba miguu, akalazwa mara tatu, madaktari wakasema moyo umechoka, akarudishwa nyumbani mwezi Septemba. Jumapili tarehe 8 Oktoba nilikwenda, nikiwa na ule mkono wa gauni ndani ya mfuko wa plastiki. Hakuuliza nimefuata nini, aliuliza mbona nimechelewa hivyo, au barabara ilikuwa na matope. Mkasi ulikuwa umemshinda, kwa hiyo nilikata mimi kiraka katika ule mkono, maana alisema nguo niliyoing'ang'ania miaka kumi na mitano ni yangu, yeye akashika kitambaa, akanisema kwamba nakata kama napasua kuni, kisha akakiweka kiraka mahali pake, akakibana kwa pini nne, akaweka kiganja juu yake kwa muda, midomo ikicheza, nami sikuuliza alisema nini. Alisema atakishona Jumanne ya wiki inayofuata, akipata nguvu. Jumanne hiyo, tarehe 17 Oktoba, saa tisa alasiri, alifariki.

Watoto wake wameomba blanketi lishuke naye kaburini. Nimekataa, na ninarudia hapa wasikie wote, kwa kuwa yeye mwenyewe alimkatalia mumewe jambo hilo hilo mwaka 2003, akisema baridi wanaisikia walio hai. Tukitoka makaburini nitakaa kwenye kiti chake pale barazani, nichomoe pini hizo, nikishone kiraka hicho, mimi ambaye tangu nizaliwe nimeshona vifungo tu, na mshono ukipinda, asiufumue mtu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, waliomvumilia alipowakosoa mishono ya mashuka, majirani mliochota maji na kuleta viti bila kuombwa, wenzake wa meza ya kola, wawili mliobaki, nimewaona, akina mama wa kanisa mlioshona naye, na mchungaji, aliyejua habari ya nafasi ile miaka yote akaacha tuimalize wenyewe.

Pumzika kwa amani, dada yangu, sindano ninayo.