Nyumba Isiyofunga Pazia

Kwenye lori la abiria la soko la Konyo Konyo, mama mwenye kikapu cha karanga alimuuliza kijana ametoka wapi na koti zito namna ile. Hata mimi niliyekaa kando yao, kulitazama tu kulinitoa jasho.

"Uholanzi, mama. Kanisa lilitupangia nyumba mtaa wa matajiri, miti mpaka mlangoni. Madirisha makubwa, na hakuna anayefunga pazia."

"Raha hiyo!"

"Mke wangu, Tisa, alifia huko. Nilikaa peke yangu, taa inawaka. Majirani walipita, wakanitazama, wakainamisha vichwa, wakaenda zao."

"Wakakuona, wasiingie?"

"Kwao ndiyo heshima. Sasa naenda Malakia kumpa mama yake habari."

"Malesh, pole mwanangu. Lakini usimwambie hivyo. Sema watu walijaa, wakalala uani."

"Nimdanganye mama mkwe?"

"Kwa hiyo umwambie mtoto wake hakuliliwa?"

Kabla hajajibu, lori lilisimama Malakia. Kijana akashuka polepole. Yule mama akanipa kikapu nimshikie, naye akashuka, akamshika mkono, na hata hawajaufikia ua wa wakwe akapaza sauti: "Tisa! Uuwi, Tisa wetu!"

Lori likaondoka. Kikapu cha karanga kimebaki magotini mwangu.