Vibao Sitini na Kimoja: Kumuaga Mzee Lowell Jantzen

Tarehe 31 Desemba, saa kumi jioni, Bwana Lowell Jantzen wa Idara ya Viwanja na Bustani atarudisha funguo zake kumi na nne, baada ya kukitumikia Chuo cha Orrin kwa miaka thelathini na tatu na miezi minne. Alianza kazi mwezi wa Agosti akiwa na umri wa miaka thelathini na miwili, akakabidhiwa mashine ya kukata nyasi ambayo haikuwaka. Anaondoka na miaka sitini na mitano. Mashine bado ipo. Siku hizi inawaka.

Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu Ofisi ya Tiketi inapakana na stoo yake. Nadhani pia ni kwa sababu niliolewa majuma mawili yaliyopita, na jengo zima linajua kwamba kwa sasa siwezi kutaja hata mlango bila kuusifu. Nitajizuia. Hata hivyo Mzee Lowell ni mtu wa kusifiwa hata na asiyeolewa.

Kwenye karatasi za ajira ameandikwa "mtunza viwanja". Maana yake ni ekari arobaini za nyasi, theluji yote inayoangukia njia za chuo, mistari myeupe ya uwanja wa mazoezi, na, tangu mwaka wake wa pili, nyumba ya kocha wa futiboli ya Kimarekani iliyo kona ya Mtaa wa Tatu. Nyumba hiyo ni mali ya chuo. Kocha ni wa muda.

Wote tunaujua utaratibu wa mji wetu. Panzi wetu, yaani timu ya chuo, wanapopoteza mechi ambayo hawakupaswa kupoteza, watu wazima wenye kazi na mikopo ya nyumba hung'oa vibao vya "Nyumba Inauzwa" kwenye nyumba zinazouzwa kweli, wakaenda kuvipanda mbele ya nyumba ya kocha. Ilikuwa hivyo kabla Mzee Lowell hajaajiriwa. Yeye aliukuta utaratibu huo, akauwekea utaratibu. Kila Jumapili asubuhi kabla ya ibada alikwenda na beleshi na ndoo ya mchanga, akang'oa kibao kimoja kimoja bila kukivunja, akajaza kila tundu mchanga na mbegu za nyasi, kisha akavipanga stooni kwa majina ya madalali, kwa herufi. Jumatatu madalali walikuja na pikapu zao kuchukua vyao, na kahawa ilikuwa tayari. Madalali wawili waliokuwa washindani walikutana hapo stooni wakaishia kuoana. Nalitaja jambo hili kwa kuwa ni la kweli, na kwa kuwa ni zuri mno.

Katika enzi za kocha wa tatu, mtu na mkewe kutoka Wichita waliona vibao kumi na viwili mbele ya nyumba, wakadhani mwenye nyumba ana haraka sana ya kuuza. Walibisha hodi. Mke wa kocha hakuwa na moyo wa kuwafukuza, akawatembeza jikoni, akawaonyesha vyumba, na walipouliza kuhusu paa akawaambia ukweli. Jumanne walileta bei. Jumatano kocha alifukuzwa kazi. Alhamisi waliandika kuuliza kama sasa nyumba imebaki wazi.

Kosa la Mzee Lowell ninalolijua ni moja. Jirani wa kocha, Bi Opal Dreiling, alipoamua kuuza nyumba yake, kibao chake halali kilisimama hatua nne tu kutoka mpakani. Mzee Lowell alidhani mashabiki wamekosea nyumba, akakiondoa. Dalali akakirudisha. Jumapili iliyofuata akakiondoa tena. Ilikuwa hivyo mara nne. Nyumba ilikaa bila mteja hadi Machi, ndipo mambo yakajulikana, na Mzee Lowell akamkatia Bi Opal nyasi bure kiangazi kizima kama fidia. Ilipofika Septemba Bi Opal alisema hauzi tena. Alisema hajawahi kuwa na nyasi kama zile, na haoni sababu ya kumwachia mtu mwingine.

Sasa nifike kwenye kustaafu kwenyewe, kwa sababu nusura tusiwe na sherehe hii.

Kocha anapofukuzwa au anapohama, nyumba ile hufumuliwa na kutengenezwa upya kwa ajili ya kocha ajaye. Kazi huchukua majira ya baridi na ya kuchipua. Mabomba yote ya kumwagilia yaliyo chini ya ardhi aliyalaza Mzee Lowell mwenyewe, bila mchoro. Yako kichwani mwake. Kwa hiyo kocha hawezi kubadilishwa Mzee Lowell akiwa hayupo. Alipofikisha miaka hamsini na minane aliandika barua ya kustaafu, na wiki hiyohiyo kocha wa sita akafukuzwa. Aliichukua barua yake. Alipofikisha miaka sitini na mmoja aliandika nyingine. Kocha wa saba alidumu siku tisa baada ya barua hiyo.

Nyumbani kwake, tangu barua ya kwanza, kuna trela ya kulala ambayo mkewe, Bi Arlis, aliinunua ili wazunguke nayo nchi nzima. Ina mapazia aliyoyashona mwenyewe. Matairi yake yamebadilishwa mara moja, kwa kuzeeka bila kwenda popote. Bi Arlis aliniambia jambo moja ambalo sijalisahau tangu siku ile. Kila Jumapili baada ya ibada wanakwenda kunywa kahawa ndani ya trela hiyo, ikiwa imeegeshwa palepale kando ya gereji. Yeye humuuliza mumewe, "Leo tuko wapi?" Mzee Lowell hufikiri kidogo, kisha husema, labda, "Montana." "Kuna baridi?" "Kiasi. Ongeza sukari." Wamefanya hivyo miaka saba. Mimi nilipohadithiwa nililia kwenye tishu zote za Ofisi ya Tiketi, na bado tulikuwa na mechi ya kuuzia tiketi.

Basi Novemba hii aliandika barua ya tatu. Kocha Wendell Hruska, wa nane, alikuwa amemaliza msimu kwa kushinda mechi saba na kupoteza tano, kama mwaka jana, na mwaka juzi, na mwaka wa kwanza. Jumatatu baada ya mechi ya mwisho, Mkurugenzi wa Michezo alitangaza kwamba chuo kinamwongezea mkataba wa miaka minne. Tukadhani mambo yamekwisha. Kumbe kocha hakuwa ametia sahihi. Chuo kimoja cha Arkansas kilikuwa kimempigia simu, naye alipewa hadi Ijumaa saa sita mchana aamue. Akiondoka, barua ya tatu ingerudi mfukoni.

Bi Arlis alilijua hilo. Mkuu wa Idara ya Viwanja alilijua. Mimi nililijua kwa sababu ukuta wa stoo ni mwembamba. Kocha hakulijua, na Mzee Lowell alitukataza tusimwambie.

"Mtu asikae mahali miaka minne kwa sababu ya trela yangu," alisema.

Mapokezi ya mashabiki naweza kuyaeleza vizuri, maana mimi ndiye niliyekuwa kwenye simu. Ugomvi wao mkubwa na Kocha Hruska ni kwamba, hata ikibaki yadi moja tu ili timu yetu iendelee kuushika mpira, yeye huamuru mpira upigwe mbali kwa mguu na kuachiwa wapinzani. Bwana mmoja alipiga simu kufuta tiketi zake za msimu ujao, kisha akauliza kama anaweza kusogezwa karibu zaidi na uwanja. Mwingine alisema haamini chuo tena, na kwamba babu yake angekuwa hai asingeamini pia. Bibi mmoja wa miaka themanini na sita alizungumza kwa upole kabisa.

"Binti, nimezika waume wawili," alisema. "Mwambie huyo kocha wote wawili walikuwa na mpango bora wa robo ya nne kuliko wake."

"Nitamfikishia, bibi."

"Na mmoja wao hakuwa na akili."

Kwenye redio kinyozi wa Mtaa Mkuu alisema mkataba ule ni aibu. Aliyempinga alisema aibu ni kumfukuza mtu anayeshinda saba. Wakabishana saa nzima kama saba ni nyingi au ni chache, na hakuna aliyeshinda.

Alhamisi asubuhi, saa moja kasoro, Mzee Lowell alifika kona ya Mtaa wa Tatu akakuta vibao sitini na kimoja. Rekodi ya zamani ilikuwa thelathini na nane, tena ile ilitokana na mechi. Hii ilikuwa ya karatasi tu, ambayo hata haijasainiwa. Nyasi hazikuonekana. Alikuwa ameng'oa ishirini hivi wakati Kocha Hruska alipotoka na viatu vya nyumbani, akiwa na kikombe mkononi.

Yaliyofuata nimeyapata kwa shahidi aliyekuwepo, ambaye ni mume wangu, Garrett. Wakati huo alikuwa mchumba tu. Garrett ni fundi bomba, ni mtu mwema kupita kiasi, ana macho ambayo sitayaeleza kwenye jarida la kazini, na asubuhi ile alikuwa anashuka kwenye pikapu yake akiwa amebeba kibao cha sitini na mbili. Alikuwa amechelewa kuamka. Hakutazama mbele mpaka alipokuwa katikati ya nyasi.

"Habari za asubuhi," kocha alimwambia.

"Nzuri, Kocha." Garrett alikishusha kibao polepole. "Ninapita tu."

"Na kibao?"

"Nacho kinapita."

Mzee Lowell hakuinua hata kichwa. "Kijana, kilaze pale kwenye rundo la herufi D. Kisha chukua ndoo. Kila tundu, konzi moja ya mchanga. Usishindilie."

Garrett alichukua ndoo. Walifanya kazi wote watatu, Mzee Lowell akiving'oa, kocha akivipanga, Garrett akifukia. Kisha kocha akauliza, "Wewe unataka niende?"

"Mimi? Hapana."

"Umeniletea kibao."

"Ndiyo, Kocha."

"Saa moja asubuhi. Kuna barafu."

"Ndiyo. Lakini sikutaka uende." Garrett alifukia tundu jingine. "Ukienda wataleta mtu nisiyemjua. Nitaanza upya kumzoea. Wewe nimeshazoea kukukasirikia. Yadi moja, Kocha. Yadi moja tu, na unaupiga mpira. Hebu baki, ila uache hilo."

"Siachi."

"Basi baki nikukasirikie."

Kocha alimgeukia Mzee Lowell. "Na wewe, Lowell? Umewaona wote. Ungekuwa mimi ungefanya nini?"

Hapa ndipo angeweza kusema habari ya trela. Ilikuwa ni sentensi moja tu. Garrett, ambaye nilikuwa nimemnong'oneza siri ile kinyume cha amri, anasema aliacha kufukia. Mzee Lowell alikitikisa kibao udongo, akasoma jina la dalali.

"Kocha wa saba, mwezi wake wa mwisho, hakuwekewa hata kimoja," alisema. "Nilikuja Jumapili tatu na beleshi langu, nikarudi nalo safi. Ndipo nikajua amekwisha." Akakiweka kibao kwenye rundo. "Zaidi ya hapo mimi ni mtu wa nyasi. Usinipe kura."

Kocha alimaliza kahawa iliyokwisha kupoa, akaingia ndani.

Ijumaa sisi wa Ofisi ya Tiketi hatukufanya kazi yoyote ya maana. Saa nne, kimya. Saa tano, kimya. Nilimwona Mzee Lowell dirishani akipaka mafuta mkasi wa miti ambao alikuwa ameupaka mafuta Jumatano. Saa sita kasoro dakika ishirini Kocha Hruska alipanda ngazi kwenda kwa Mkurugenzi, akatia sahihi. Katibu wa Mkurugenzi alimsikia akisema kwamba jana yake mtu alimfukuza na kumsihi abaki kwa pumzi moja, na huko Arkansas hakuna anayemjua kiasi hicho. Katibu akanipigia mimi. Mimi nikapiga ukuta wa stoo mara tatu, kama tulivyokubaliana.

Mzee Lowell alifunga stoo, akaenda nyumbani kula chakula cha mchana. Hakukimbia. Lakini alikuwa amesahau kuvua glavu, na katika miaka thelathini na tatu hakuna aliyewahi kumwona akiendesha gari na glavu za udongo. Jumamosi kulikuwa na vibao tisa vipya. Garrett alivitoa. Anasema hakuviweka yeye, na mimi ni mke wake, namwamini.

Kocha Hruska atakuwa anasoma habari ya trela hapa kwa mara ya kwanza. Mzee Lowell ameniruhusu niiandike, kwa kuwa sahihi haifutiki. Wiki iliyopita alikaa siku mbili na Idara yake akachora mabomba yote ya Mtaa wa Tatu kwenye kipande cha boksi. Mchoro umetundikwa stooni. Kuna bomba moja ameliwekea alama ya kuuliza.

Tutamuaga Ijumaa saa sita mchana katika ukumbi wa wafanyakazi. Kutakuwa na supu ya maharage na nyama, na mikate ya mdalasini ya kuchovya humo, kama kawaida. Hotuba hazitazidi dakika mbili, kwa ombi lake mwenyewe. Bi Arlis atakuwepo, lakini ametuonya kwamba trela imeshafungwa nyuma ya gari na hataki kuiacha nje muda mrefu.

Mzee Lowell, ahsante kwa kila tundu ulilolifukia kabla hatujaamka. Bi Arlis, ahsante kwa kumngoja. Nendeni salama. Kila mtakapoegesha, ardhi iwe tambarare, kahawa iwe ya moto, na nyasi ziwe za mtu mwingine.

Kendra Pohlman (zamani Unruh)
Ofisi ya Tiketi