Mama Egemeo Alivyoshushwa Ngazi

Ndugu, majirani na wanafunzi wa mama, asanteni kwa kuja kumsindikiza. Huyu tunayemlaza leo alikuwa mwalimu wa fizikia, na wanafunzi walimpachika jina la Mama Egemeo kwa sababu siku haikupita bila yeye kuuliza, "Egemeo liko wapi?" Kwa mliokuwa mkikwepa somo lake, egemeo ni pale nyenzo inapoegemea ili iinue kitu kizito. Mama aliacha ombi moja tu: akifa, ashushwe ngazi za nyumba yake, kutoka ghorofa ya tatu hadi chini, na sisi binti zake wanne, si mtu mwingine. Ombi hilo lilitutia kiwewe, na nitalirudia.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa pili wa seremala, katika chumba cha nyuma ya karakana. Kaka yake, ambaye ameketi hapa mbele na sidhani kama atabisha, alikuwa mtoto mnene. Walipopanda ubao uliolazwa juu ya gogo, kaka alimwacha mdogo wake akining'inia juu na kukataa kumshusha. Siku moja mama akamwambia kwa upole, "Kaka, sogea katikati kidogo, huko mwisho kuna misumari." Kaka akasogea, ubao ukainamia upande wa pili, mama akashuka akaenda zake, na kaka akatua kwa kishindo. Misumari haikuwapo.

Alisoma shule ya msingi ya karibu na stesheni ya reli, na mwaka 1966 akachaguliwa kwenda sekondari ya bweni. Huko alipata sifa kwa kuzungusha ndoo ya maji juu ya kichwa chake bila tone kumwagika, maana ndoo ikienda kasi, maji hubaki yamebanwa kwenye kitako chake. Siku moja mkuu wa shule akapita. Mama, kwa adabu aliyolelewa nayo, akapunguza mwendo wa mkono ili amwamkie vizuri. Maji yote yakamshukia yeye. Mkuu wa shule akamtazama alivyolowa chapachapa, akasema, "Marahaba," akaendelea na njia yake.

Mwaka 1974 alihitimu chuo cha ualimu, akafundisha katika shule ya wasichana hadi alipostaafu mwaka 2011. Kengele ya mwisho haikumnyamazisha. Mgeni akihangaika na mlango wetu mzito, mama alimwambia, "Unasukuma karibu na bawaba, baba. Njoo huku kwenye kitasa, utaona unavyolainika." Meza ikihamishwa, alitandika blanketi chini ya miguu yake iteleze, tusigombane na sakafu. Leo wapo wanafunzi wake wanaojenga madaraja na wanaorusha ndege. Tunaringa nao, na hatuombi radhi kwa hilo.

Baba yetu alikuwa dereva wa basi la shule. Siku moja alifunga breki ghafla, na mwalimu mgeni aliyekuwa amesimama nyuma yake akamwangukia begani. Baba akaomba msamaha. Mama akajibu, "Usijali. Basi limesimama, lakini mwili wangu ulikuwa bado uko safarini." Baba alikuwa akituambia kwamba hakuelewa neno, ila alijua amepata mke. Walioana tarehe 16 Desemba 1978, wakaishi kwa mapenzi na mabishano mengi kuhusu breki, hadi baba alipotutoka mwaka 2004.

Mwaka 2021 moyo wa mama ulianza kumchokea. Tulimsihi ahamie chini asipande ngazi, akakataa katakata. Mwezi Aprili mwaka huu alituita wote wanne tumpelekee jirani wa chini kabati lake la nguo. Tulipotaka kutoa nguo kwanza, akatukatalia. Akasimama na fimbo yake kwenye kona ya ngazi, akatupanga: "Mzigo ukiinama, walio chini ndio wanaolemewa zaidi. Dada zako wawili wakae juu, wasisukume, wazuie tu. Wewe mdogo, kaa chini na huyu anayekutangulia." Mimi ni kitinda mimba, hata kapu la sokoni huwa napokewa. Nikamwambia, "Mama, mimi nitaweza wapi?" Akasema, "Magoti yako hayana papara. Shika." Tulishusha kabati lile tukinung'unika mpaka chini.

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 2 Juni 2023, sisi tukiwa tumemzunguka. Ameacha kaka yake, binti wanne, wajukuu saba, shemeji yake ambaye ni baba yetu mdogo, na wanafunzi ambao wamejaza uwanja huu.

Karatasi mlizo nazo zinaishia hapo. Yanayofuata nimeyaongeza kwa kalamu leo asubuhi.

Baba mdogo alikuja mapema na vijana wanne wenye mabega. Akatuambia, "Ngazi ni nyembamba, wanangu, na ile kona ni mbaya. Mtamwangusha mama yenu mbele za watu. Waachieni hawa." Alisema kwa huruma, na kweli tuliogopa. Dada mkubwa akalitazama jeneza, kisha akatutazama sisi. "Ni kabati," akasema. Hapo ndipo tulipoelewa sote kwa mpigo kwa nini mama alikataa nguo zitolewe.

Kila mmoja akaenda mahali pake bila kuelekezwa. Miguu ya mama ikatangulia, kichwa chake kikabaki juu, nami nikawa chini. Kwenye kona uzito wote ulinijia mikononi, nikausikia, nikapinda magoti bila papara. Jeneza halikugusa ukuta hata mara moja. Baba mdogo alitupokea mlangoni akilia, akasema, "Shemeji amewafundisha."

Mama alitufundisha pia kwamba kitu kilichotulia hubaki kimetulia mpaka kitu kingine kije kukisukuma. Mama, tumekufikisha chini salama. Hakuna wa kukusukuma tena. Tulia, upumzike kwa amani.