Siku Niliyorudia Maneno ya Mwenzangu

Ndugu zangu, mama zangu wa Nabuyoga na Kwapa, poleni na safari. Nimeombwa niseme nanyi kidogo kabla hamjaanza mafunzo haya ya amani. Wanaonijua kutoka soko la Busia, pale mpakani, wameshaanza kucheka, maana wanaujua mdomo wangu. Chekeni tu. Habari za mdomo huo ndizo nilizokuja kuwapa.

Mimi nauza samaki wa moshi. Nawatoa Majanji ziwani, nawapeleka Busia. Pembeni yangu sokoni alikaa mama mmoja wa upande wa Kenya. Samaki wake walikuwa wakavu, wazima, hawavunjiki. Ikifika saa sita ameshamaliza, anakunja gunia lake, ananiaga vizuri. Mimi nimebaki nafukuza nzi. Nawaambia kweli, nilimwonea wivu.

Siku moja mteja akaniuliza, "Mbona wewe unauza ghali kuliko mwenzako?"

Nikamjibu, "Yule anaokota samaki waliojifia ufukoni. Kanunue, tumbo litakwambia."

Uongo huo niliutunga palepale, na wiki haikuisha, kwake hasimami mtu. Wenzake wakasema sisi wa Uganda tunawafukuza. Sisi tukasema basi warudi kwao. Uhuru ulikuwa bado mpya pande zote mbili, na kila mtu alikuwa amejifunza kusema "kwenu" na "kwetu". Matusi yakageuka ngumi, vikapu vikapinduliwa, mama mmoja akavunjika mkono. Na wateja, ndugu zangu, wakaogopa samaki wote wa moshi, wangu pia. Nikawa narudi nyumbani na kikapu kimejaa, mpaka watoto wakachoka kula samaki. Kanisani nikawa nakaa nyuma kabisa, nisitazamane na mtu.

Ndipo kanisa likaitisha mafunzo kama haya, siku tatu, katika darasa la shule. Sitawaficha, nilikwenda kwa sababu nilisikia kuna chai ya maziwa na mkate. Mwalimu, mama mpole kutoka Tororo, akatupanga wawili wawili. Mimi akaniweka na yeye, huyohuyo jirani yangu wa sokoni.

Kazi ilikuwa hii: mmoja aseme, mwingine arudie alichosikia bila kuongeza neno, mpaka aliyesema akubali kwamba amesikiwa.

Mwenzangu akasema polepole, "Ulisema samaki wangu ni mizoga. Ulidanganya. Mume wangu alikuwa mgonjwa kitandani, na kikapu kile ndicho kilichotulisha."

Nikaanza, "Anasema eti mimi nilisema..."

"Toa hiyo eti," mwalimu akasema.

"Unasema nilidanganya, lakini bei yako..."

"Hajataja bei. Rudia alichosema."

Mara ya tatu nikasikia mdomo wangu unasema, "Nilisema samaki wako ni mizoga. Nilidanganya." Hapo machozi yakanitoka. Nikaendelea bila kuhimizwa, "Mume wako alikuwa kitandani. Sikujua. Nisamehe, dada."

Kisha akasema, "Sasa umenisikia. Lakini uongo uliusema sokoni. Na huko utasema?"

Siku ya soko nikapanda juu ya benchi, nikawaambia watu kwamba maneno yale niliyatunga mimi. Wengine wakanizomea. Nikashuka, nikachukua samaki mmoja kwenye kikapu chake, nikamla mbele yao hadi kichwa. Mzee mmoja akasema, "Huyu mama ana njaa tu." Soko zima likaangua kicheko, wa huku na wa kule, na mwenzangu akacheka mpaka akaketi chini. Saa sita haijafika, kikapu chake kilikuwa kitupu.

Namshukuru yule mwalimu. Namshukuru mama aliyevunjika mkono, maana nilipokwenda kumwomba msamaha alinikaribisha chakula. Siku hizi tunauza kwenye meza moja, mimi na mwenzangu, na mume wake amepona, analima. Kugombana tunagombana bado, ila mmoja akisema "rudia", mwingine hurudia kwanza ndipo ajibu. Fanyeni hivyo nyumbani kwenu, hata na waume zenu, mtaona mambo.

Mimi nimemaliza. Mwalimu wenu wa siku hizi tatu ndiye yule mama pale mbele mwenye kitambaa cha kijani. Ndiye niliyemsingizia. Dada, njoo uwafundishe.