Nashon Ondiek, Mtu wa Koili Yenye Barafu

Kampala, Ijumaa, tarehe 28 Machi 2025. Ni miaka thelathini na minne tangu Nashon Ondiek avuke mpaka wa Busia akiwa na sanduku moja na sweta, baada ya kuwaambia watu wa kwao Ugenya, upande wa Kenya, kwamba anakwenda Kampala kwa miezi sita. Thelathini na mitatu kati ya miaka hiyo ameitumia hapa, Kituo cha Majaribio ya Ubaridi, Kisugu. Jumatatu anastaafu. Miezi sita imekwisha.

Aliajiriwa mwaka 1992 kama fundi wa friji, wakati kituo kilikuwa banda moja la mabati na jenereta iliyokula dizeli nyingi kuliko kazi iliyofanya. Alisoma jioni, akapata stashahada, kisha shahada, akapanda hadi kuwa mkuu wa chumba cha majaribio. Tangu mwaka 2006 amekuwa pia katibu wa Kamati ya Ufundi ya Koili.

Kwa wenzetu wa uhasibu, ambao huuliza kila mwaka: koili ni yale mabomba yaliyopindwapindwa, yenye mapezi membamba ya aluminiamu, yanayokaa ndani ya kila friji. Hewa hupita nje yake, gesi baridi hupita ndani yake, na joto huhama kutoka hewani kuingia kwenye gesi. Kazi ya kamati ni kukubaliana namna ya kulipima joto hilo, ili anayenunua friji ajue anachonunua. Inaonekana kazi ndogo. Kamati imeifanya kwa miaka kumi na tisa na haijamaliza.

Ondiek anajulikana mtaani kama mtu pekee wa Kisugu anayetembea na sweta mwezi wa Februari. Anajulikana pia Lubaga, kwa sababu ya harusi moja ambapo, bibi arusi akiingia ukumbini na watu wote wamesimama, yeye alionekana kule nyuma akilivuta friji la soda kutoka ukutani. Mkewe, Phelister, alimwita kwa jina lake lote, jambo ambalo halifanyi mara nyingi. Ondiek alieleza kwamba friji lilikuwa halipati hewa. Soda zilipoa kabla ya hotuba ya wazazi kwisha. Nimepita huko hivi karibuni. Friji bado liko kiganja kimoja kutoka ukutani, na hakuna anayekumbuka kwa nini.

Mwaka 2011 kituo kilipata aibu ambayo Ondiek alisisitiza tusiifiche, kwa hiyo naieleza. Katika chumba cha majaribio tunapima mara mbili. Tunapima joto tunaloliingiza chumbani kwa hita, na tunapima joto linaloondoka na gesi. Hewa ikitulia, vipimo viwili vinapaswa kulingana, au kukaribiana sana. Mwaka ule vilikataa. Gesi iliondoa joto jingi kuliko lile tuliloliingiza. Tulisafisha mita, tukabadilisha nyaya, tukamrudishia mtengenezaji mmoja koili zake tukimwambia haieleweki ametengeneza nini. Kamati iliitwa kujadili.

Ukumbi wa mikutano uko chini ya mabati, na kiyoyozi chake kilikuwa kibovu. Kituo cha ubaridi hakikuwa na fungu la kutengeneza kiyoyozi. Ondiek akapendekeza tukae ndani ya chumba cha majaribio chenyewe, ambacho kilikuwa na ubaridi wa Kabale asubuhi, ili tujadili tatizo huku tukilitazama. Wazo lilikuwa lake, na katika kumbukumbu aliandika kwamba ni lake. Tulipenda. Tulikutana humo mara nyingi, tukiwa na makoti na birika la umeme, na kadiri tulivyojadili ndivyo vipimo vilivyozidi kuachana.

Kisha siku moja mvua ilinyesha, mtaa wa Bwaise ukajaa maji, wajumbe wengi wakakwama, akidi haikutimia. Hakuna aliyeingia chumbani. Siku hiyo vipimo vilikubaliana.

Husnah, msimamizi wa vipimo, ambaye hukaa nje ya kioo, alisubiri kikao kilichofuata. Alifungua mlango nusu, akasema, "Wazee wangu, musamehe. Joto ni nyinyi."

Mzee Erinayo, aliyekuwa mkuu wa kituo wakati huo, akauliza kama binti anaweza kuthibitisha. Husnah alimwomba atoke nje, na akitoka atoke na birika. Mzee Erinayo ni mtu mkubwa. Sindano ya mita ilisogea.

Mtu mzima aliyeketi hutoa joto la wati mia moja hivi, awe mjumbe au mgeni. Tulikuwa tisa. Tuliyekuwa tukimtafuta alikuwa ameketi akiagiza chai nyingine. Ondiek alimwandikia yule mtengenezaji kumwomba radhi, kisha akachukua rangi nyekundu na kuandika mlangoni kwa mkono wake: HEWA HAIJATULIA. KAA NJE. Tangu siku hiyo mlango ukifungwa haufunguliwi mpaka jaribio liishe, hata kwa waziri. Waziri mmoja alikuja, alikaa nje.

Jambo litakalobaki na jina lake, hata hivyo, lilianzia kwenye duka la maziwa la Bwaise. Mwenye duka ni Acan, mjane wa askari polisi, ambaye alinunua friji la kupozea maziwa kwa sababu lilikuwa na cheti chetu. Kiangazi lilifanya kazi. Msimu wa mvua ulipofika, hewa ya Bwaise ikiwa kama kitambaa kilichotoka kwenye beseni, koili iliganda barafu hadi hewa ikakosa pa kupita. Friji lilinguruma na maziwa yakachacha. Acan alipanda boda hadi Kisugu akiwa na cheti mkononi. Ondiek alikisoma. Friji lilikuwa limejaribiwa kwa hewa kavu, kama kiwango kilivyotaka, na lilikuwa limefaulu. Cheti kilikuwa sahihi. Maziwa yalikuwa mabovu.

Acan akamwuliza, "Sasa mzee, hii karatasi yenu, mimi naweza kuweka maziwa ndani yake?"

Ondiek alikwenda Bwaise, akaketi dukani siku nzima akitazama barafu ikiota. Aliporudi aliandika Kifungu cha Saba: koili yoyote itakayouzwa hapa ijaribiwe pia ikiwa na barafu, katika hewa yenye unyevu kama hii tunayoivuta.

Hapa lazima nieleze mila ya kamati, ambayo haikuandikwa popote. Aliyestaafu hurudi. Hurudi wakati wa chai, huketi kwenye kiti kilicho karibu na birika, huulizwa neno la kwanza, na hakuna kinachopitishwa kabla hajaridhika. Kila mmoja wetu alikuja nayo kutoka kwao, na ilikuwa jambo pekee ambalo Mwacholi, Mganda, Mjaluo na Mkongomani wa kamati hii walikubaliana bila kuitisha kikao. Mimi naiona mila nzuri. Kwa sisi tulioacha makwetu zamani, si kidogo kujua kwamba kuna mahali ambapo kiti chako kinakungoja.

Mzee Erinayo alistaafu mwaka 2013 na akarudi mwezi uliofuata. Hakukosa kikao. Na Kifungu cha Saba hakukitaka. Asidhaniwe vibaya, hakuwa na duka wala rafiki mwenye duka. Alikuwa na hoja, na ilikuwa hoja ya kisayansi. "Barafu haina adabu," alisema. "Leo inaganda hivi, kesho vile. Utaandikaje sheria ya kitu kisicho na adabu?" Kipimo kisichorudiwa si kipimo, na mtengenezaji angetushtaki akashinda.

Ondiek alikubali kwamba hoja ni nzuri, akaenda kuifanyia kazi. Kwa misimu miwili ya mvua yeye na Husnah waliigandisha koili ileile, wakaiyeyusha, wakaigandisha tena. Unyevu waliuingiza chumbani kwa mvuke wa birika lile lile lililotuaibisha mwaka 2011, wakilipima kwenye mizani kabla na baada, ili wajue ni maji kiasi gani yameingia hewani. Ilichukua muda, lakini barafu ilijifunza adabu. Majaribio yalianza kufanana, safu juu ya safu. Mzee Erinayo aliyasoma yote, akasema ni kazi safi kabisa, na kwamba wakati wake bado. Kifungu kikaahirishwa. Kikaahirishwa tena. Acan alinunua friji jingine, la mtumba, lisilo na cheti.

Watu waliokuwa karibu na Ondiek walijua kinachomsumbua. Hakuwa na haraka ya sifa. Alikuwa akihesabu misimu ya mvua iliyobaki kabla hajaondoka, na alijua kwamba kifungu kisichokuwa na mtu wa kukisukuma hulala kabatini mpaka karatasi inakuwa njano. Na jambo jingine tulilijua, kwa kuwa alikuwa akilisema kwa utani kila Krismasi: kiti cha karibu na birika alikuwa amekwisha kujichagulia. Phelister alikuwa amepewa ahadi kwamba wakihamia Ugenya, mume wake atakuja Kampala kila baada ya miezi mitatu, kwa kikao tu. Alisema hakuwahi kuamini lile neno "tu".

Mwezi wa Juni mwaka jana, Ondiek alisimama kikaoni akatoa pendekezo fupi: kuanzia sasa aliyestaafu asikae mezani. Asialikwe, asiulizwe neno la kwanza, kura ipigwe na waliopo kazini. Mwenyekiti wetu ni Mama Benedicte. Yeye ni mtu wa Bunia, kule Kongo, na hupenda mambo yasemwe mara mbili, kwa hiyo akamwomba arudie. Alirudia.

Mzee Erinayo aliweka kikombe chini. "Nashon, mwana wange," alisema, "mlango huu unaufunga ukiwa ndani ama nje?"

"Mwaka huu ndani, mzee. Mwaka ujao nje."

"Na unajua?"

"Nilipaka rangi mwenyewe."

Mama Benedicte aliitisha kura, na mkono wa kwanza kuinuka kukubali ulikuwa wa Mzee Erinayo, ambaye kwa mila ndiye aliyepaswa kuanza. Kisha alimaliza chai, akachukua mwavuli wake, akatuaga mmoja mmoja, akaenda zake Lubaga. Kikao kilichofuata, Kifungu cha Saba kilipita usomaji wa kwanza. Ondiek, akiwa katibu, aliandika matokeo bila neno la ziada.

Usomaji wa mwisho ni mwezi wa Mei. Maoni ya kupinga yamekwisha kuwasili kutoka kwa waagizaji wa friji, nami nimeyaona. Mengine yana akili. Kifungu kitahitaji mtu wa kukitetea, na kwa kalenda yetu ya serikali mtu huyo atakuwa amestaafu kwa wiki sita. Kwa hiyo mwezi uliopita Mama Benedicte alipendekeza sheria ilegezwe kidogo: Injinia Ondiek arudi kwa kikao kimoja, cha Mei, kisha sheria iendelee. Wajumbe wote waliafiki. Husnah alikuwa amekwisha kuandika maneno ya azimio.

Ondiek alishukuru, akakataa. Alisema koili haijaribiwi kwa kumfungulia mlango mtu mmoja mzuri. Husnah alimwambia, mbele ya watu, "Injinia, wewe una kichwa kigumu kama kompresa." Akajibu kwamba kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya friji, ikiwa ngumu basi imeungua, na kwamba Mei atakayesimama ni yeye Husnah, kwa sababu kila safu ya vipimo imepita mikononi mwake na hakuna mwagizaji atakayemwuliza swali asilolijua. Kisha akamkabidhi birika.

Mzee Erinayo amealikwa kwenye sherehe ya leo. Alipiga simu kwanza kuuliza kama hii ni sherehe au kikao. Alipohakikishiwa kwamba ni sherehe, alikubali kuja. Nimewaona asubuhi, yeye na Ondiek, wakiwa wamewekewa viti pamoja chini ya hema, uani, mlango wa chumba cha majaribio ukiwa nyuma yao. Ndani kuna koili inayoganda. Mlango umefungwa.

Kwa niaba ya kituo, namshukuru Nashon Ondiek kwa subira yake, kwa radhi aliyoiomba wakati wengine wangenyamaza, na kwa maziwa ya Bwaise ambayo, Mungu akipenda, hayatachacha tena chini ya cheti chetu. Phelister naye tunamshukuru kwa kutuazima mume kwa muda mrefu kuliko alivyoambiwa. Acan ametuma lita tano za maziwa ya chai ya leo. Amesema yamelala ndani ya friji, si ndani ya karatasi.

Jumanne Ondiek na Phelister wanavuka Busia. Anayeandika haya naye aliondoka kwao Pajule mwaka 1987 kwa muda mfupi, kwa hiyo si mtaalamu wa safari za kurudi. Alisaidia tu kufunga masanduku, na sasa ni mengi. Sweta iko juu kabisa, ingawa Ugenya hakuna baridi. Nenda salama, ndugu yetu. Ukae mahali penye hewa, kiganja kimoja kutoka ukutani, na miaka iliyobaki iwe mirefu na mitulivu.

Kiti cha karibu na birika tumekipeleka stoo. Mei tutapiga kura bila yeye. Hatarudi.