Zohara Elmakias, Mkutubi Aliyeogopa kwa Niaba ya Watoto Wetu

Tarehe 30 Juni, Zohara Elmakias atakabidhi funguo za maktaba ya watoto ya mji wetu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutuchagulia vitabu. Alikuja kwetu akiwa mwalimu wa darasa la kwanza aliyepotelewa na sauti. Daktari alimshauri apumzike mwaka mmoja kwenye kazi ya kunong'ona. Sauti ilirudi upesi, na wote tunaofanya kazi ghorofa ya juu tunaweza kushuhudia hilo, lakini yeye hakurudi darasani.

Zohara ni mwoga, na wala hafichi. Anaogopa radi, lifti, mbwa wadogo na simu zinazoita mapema asubuhi. Zaidi ya vyote anaogopa vitabu vya watoto. Mtu mzima akisoma uongo, Zohara husema, ataupima na kuutupa. Mtoto wa miaka mitano huumeza mzima.

Hofu hiyo ilimwingia mwanzoni kabisa mwa kazi yake. Alimpa baba mmoja kitabu cha Pasaka ya Kiyahudi chenye picha za kupendeza, ikiwemo ile ya usiku wa pigo la wazaliwa wa kwanza. Wiki hiyohiyo mama wa nyumba ile alisimama mbele ya meza yake na macho mekundu.

"Dada yangu Zohara, umetuletea nini nyumbani? Eitan ni kifungua mimba wangu. Kila jioni anauliza kama mlango wetu umepakwa alama ya damu ili pigo litupite."

Tangu siku hiyo kila kitabu cha sikukuu amekisoma mara mbili: mara moja kama Zohara, na mara ya pili kama mtoto mwenye hofu kuliko wote mjini. Visa vya kutisha hakuviondoa, maana sikukuu zetu zimejaa wafalme wabaya na bahari zilizopasuka. Alichotaka ni mwandishi asimwache mtoto peke yake katikati ya giza na kwenda zake. Na makosa aliyanusa kutoka mbali. Kuna kitabu alichokirudisha kwa mchapishaji kwa sababu familia nzima, Siku ya Upatanisho, siku yetu ya kufunga, saa za mchana, ilikuwa kibarazani ikila tikiti maji. Rabi alipoonyeshwa picha ile alicheka mpaka akavua miwani.

Vitabu vya maarifa navyo havikuingia rafuni mpaka visomwe na mtu anayeifanya kazi yenyewe. Cha nyuki kilikwenda kwa mfuga nyuki. Cha meno kilikwenda kwa daktari wa meno, ambaye alikirudisha kimejaa alama za kalamu na maombi ya kupewa kingine.

Sasa nifike kwenye siku ambayo Zohara aliniomba nisiiandike. Naiandika.

Ilikuwa miaka tisa iliyopita, wiki ya Mwaka Mpya wa Miti, sikukuu yetu ya miti na matunda yake. Mkuu wetu wa utamaduni wakati ule, Gidon Perlmuter, mtu mkarimu na mwenye haraka, alituletea sanduku la vitabu kama zawadi ya sikukuu. Kimojawapo kilihusu mimea ya porini inayoliwa. Kilikuwa kizuri ajabu. Gidon mwenyewe alivipanga juu ya meza ya mlangoni, na kabla Zohara hajavua koti, nakala moja ya hicho cha mimea ilikuwa imeshaazimwa.

Zohara alifungua nakala ya pili akiwa amesimama. Nilimwona akigeuza kurasa, kisha akasita. Chini ya picha ya majani mapana yaliyokunjamana, yaliyotandaa ardhini, iliandikwa: spinachi mwitu, tamu ikikaangwa. Katikati ya majani palikuwa na ua la zambarau.

"Yardena, hebu njoo," aliniita. "Spinachi inatoa ua la namna hii?"

"Mimi spinachi naijua ya sokoni tu."

"Hata mimi. Lakini ua hili silipendi."

Gidon alicheka. "Zohara, wewe hata kivuli chako kinakutisha! Wametunga wataalamu hicho."

"Labda. Ngoja nimuulize mtaalamu wa hapa."

Alimpigia simu mwalimu wa elimu ya mimea wa shule ya sekondari, akamweleza jani na ua. Nilikuwa nimesimama karibu, nikasikia sauti ya mwalimu ikipanda.

"Hiyo si spinachi, mama. Hizo ni tunguja, zile za kwenye Torati, alizookota Reubeni kondeni. Majani yake ni sumu. Nani anacho hicho kitabu?"

Zohara alinigeukia. Uso wake ulikuwa umekauka. Na mimi nilikuwa tayari nimekumbuka, kwa sababu nilikipiga muhuri kwa mkono wangu: nakala ile ilichukuliwa na Ofra, mwalimu wa chekechea. Alisema amefurahi mno, kwa kuwa asubuhi hiyohiyo alikuwa anawapeleka watoto mlimani kuchuma majani na kupika kimanda cha sikukuu.

Tulipiga simu ya Ofra. Iliita mpaka ikakatika. Tulipiga chekechea, mpishi akapokea, akasema simu ya mwalimu anaisikia ikilia ndani ya droo. Gidon hakucheka tena. Alishika simu ya mezani kuita gari la wagonjwa, nasi tukatoka mbio. Niliendesha mimi. Njia ya mlimani ina makona mengi na mvua ilikuwa imeanza. Yeye, anayeogopa hata lifti, alikuwa akinipigia kelele: "Ongeza mwendo! Ongeza!"

Moshi tuliuona kabla ya watoto. Walikuwa chini ya turubai karibu na ukuta wa zamani, wamezunguka jiko la gesi na kikaango. Ofra alikuwa anapasua mayai juu ya majani. Zohara alishuka gari likiwa bado linasogea.

"Ofra, mwanangu, zima moto! Wasile!"

"Kuna nini?"

"Majani siyo! Kitabu kimekosea. Nani ameonja? Nani?"

Mtoto mmoja alimnyooshea kidole msichana aliyekaa kando, Hallel, binti wa miaka mitano.

"Yeye kala mabichi. Alikuwa anajifanya mbuzi."

Hallel alikuwa na mashavu mekundu kama mtu mwenye homa. Zohara alipiga magoti topeni, akamshika kidevu. Mboni za macho ya mtoto zilikuwa zimepanuka, nyeusi tupu. Alisema ana kiu. Halafu akaanza kumuonyesha Zohara ndege waliokaa begani kwake, na ndege hawakuwapo.

Gari la wagonjwa lilitukuta njiani tukishuka. Hospitalini mama yake Hallel alifika na aproni ya kazini, akakaa kwenye benchi upande mmoja na Zohara upande wa pili, hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake. Mtoto alimwita mama yake kwa jina lisilo lake. Moyo wake ulikwenda mbio hata daktari aliacha kuongea nasi. Ulitulia siku ya pili. Wenzake wote walipimwa, na hakuna mwingine aliyekuwa ameonja.

Gidon aliviondoa vitabu vile mwenyewe, akamwandikia mchapishaji, akaja kumwomba Zohara radhi mbele yetu sote. Haikumsaidia Zohara. Alijifungia nyumbani akisema amechoka kuogopa, na kwamba kazi ya kuchagua ipewe mtu mwenye moyo mgumu.

Aliyemrudisha ni mama yake Hallel. Alikwenda kugonga mlango wake.

"Sikuja kukulaumu. Binti yangu haweki tena kitu cha kijani mdomoni. Hata tango anasema litamuua. Pasaka inakuja, na mezani, kwa desturi yetu, lazima achovye jani kwenye maji ya chumvi. Nitafutie kitabu."

Sijawahi kumwona Zohara akiogopa kuchagua kitabu kama alivyokiogopa hicho. Alikataa hadithi zote zenye kumwambia mtoto asiogope. "Ana haki ya kuogopa," alisema. "Mimi nataka kitakachomwonyesha lipi ni lipi." Hatimaye alipata kimoja cha maarifa kuhusu bustani ya mboga, kutoka mbegu hadi sahani, akakipeleka kwa wakulima wawili na kwa yule mwalimu. Kisha alinunua sokoni fungu la kila mboga iliyochorwa humo, akakaa na Hallel kwenye zulia, alasiri baada ya alasiri. Mtoto alilinganisha jani na picha, picha na jani, akahesabu meno ya kila ukingo. Zohara alikula kwanza, kila jani, mbele yake, mtoto akimkodolea macho kuona kama atakufa.

Mwisho wa sikukuu mama yule alipiga simu maktaba. Nilipokea mimi, nikampa Zohara kipokezi. Alisikiliza, akaketi sakafuni palepale kati ya rafu.

"Amekula kotimiri," alituambia. "Ameichunguza kwanza, mbele ya wageni wote, babu yake amesubiri na kitabu cha sala mkononi. Halafu ameichovya akaila. Ameomba nyingine."

Zohara, asante kwa kila ukurasa ulioutilia shaka kabla haujawafikia watoto. Asante kwa makoti uliyosahau kuvua. Tunakuombea mapumziko yasiyo na radi wala simu za alfajiri, na uishi hadi miaka mia na ishirini. Sisi tunaobaki tumeletewa sanduku jipya la vitabu jana. Hatujathubutu kulifungua bila wewe, lakini tutalifungua, na tutasoma kila neno.

Yardena Shriki, kwa niaba ya wafanyakazi wa maktaba