Kilichopata Moto Hupanda

POSTA: Haloo, shule ya kati? Hapa posta, Sumbawanga. Pokeeni simu ya kambi ya barabara, Mwimbi. Mna dakika tatu.

WILIBRODI: Haloo? Nani mwenzangu?

ZENON: Shemeji! Shikamoo, shemeji, ni mimi Zenon—

WILIBRODI: Marahaba! Sema polepole, upepo unautikisa waya. Habari za huko? Vibarua wako hawajambo?

ZENON: Hawajam— hapana. Nisikilize. Nimeomba laini ya hospitali ya misheni, hawapokei. Nikasema basi niombe kwako, wewe ni mwalimu, utajua. Kisima kimetumeza watu.

WILIBRODI: Kimebomoka?

ZENON: Hakijabomoka! Kizima kabisa. Leonsi, mchimbaji wetu, kashuka asubuhi hii na ndoo yake. Kafika chini, hata sululu hajainua, akakaa kitako. Tukamwita. Akatutazama tu, halafu akalala. Mwenzake akateremka ili amfunge kamba, naye akamwangukia juu.

WILIBRODI: Yesu na Maria. Wako wawili?

ZENON: Wawili. Na sasa Flavian, mdogo wake Leonsi, anajifunga kamba kiunoni. Namwona hapa dirishani—

WILIBRODI: Mzuie!

ZENON: Shemeji, ni kaka yake—

WILIBRODI: Nimesema mzuie! Akishuka atakuwa wa tatu, na wewe nakujua, utakuwa wa nne. Mpigie kelele!

ZENON: [mbali na simu] Flavian! We Flavian, acha hiyo kamba! Mwalimu anasema subiri! [karibu] Anatukana.

WILIBRODI: Mwache atukane, mradi anatukana akiwa juu. Niambie, jana mlifanya nini humo kisimani?

ZENON: Tulikuta mwamba. Ukipiga sululu inakurudia usoni. Na Bwana Mkubwa kaenda Mbeya, akirudi anataka akute maji. Basi tukafanya walivyofanya wazee. Tukashusha kuni na mkaa, tukauchoma mwamba kutwa nzima, jioni tukaumwagia maji ya baridi. Ukapasuka, shemeji! Mlio kama wa bunduki.

WILIBRODI: Mvuke ukatoka?

ZENON: Ukapanda mpaka juu ya miti, kila mtu kauona. Tukasema ubaya wote umekwenda nao.

WILIBRODI: Mlichokiona ndicho kilichotoka. Maji yakipata moto, chembe zake zinaachana, kila moja inashika njia yake, ndio huo mvuke. Lakini mkaa nao una hewa yake, na ile haionekani wala hainuki. Jana usiku baridi ilikuwaje huko?

ZENON: Asubuhi majani yalikuwa meupe.

WILIBRODI: Basi imepoa, Zenon. Ikipoa, chembe zake zinasogeleana, inakuwa nzito, inatulia chini kama maji mtungini. Na yenyewe ni nzito tayari kuliko hii tunayovuta mimi na wewe. Wenzako wamezama. Wamezama pakavu.

ZENON: Lakini mmoja anakoroma! Tunamsikia kabisa!

WILIBRODI: Yupi?

ZENON: Yule... yule wa juu.

WILIBRODI: Basi tufanye haraka. Mpe simu Adolfu.

ZENON: Nini?

WILIBRODI: Adolfu! Mwanangu! Si yuko hapo kwako anaandika majina ya vibarua? Mwite ashike simu. Habari za chembe nimemfundisha mwenyewe darasani, nikimwambia neno moja ataelewa kumi. Wewe nenda kamshike Flavian.

ZENON: [laini inakwaruza] Haloo? Sikusikii vizuri, shemeji—

WILIBRODI: Adolfu! Mwite Adolfu!

ZENON: Niambie mimi. Niambie mimi tu, nitafanya mimi mwenyewe.

POSTA: Dakika tatu zimekwisha. Mnaongeza?

WILIBRODI: Tunaongeza! Usitukate, bwana, tafadhali, kuna watu wanakufa! Zenon, upo?

ZENON: Nipo.

WILIBRODI: Washeni taa ya chemli, mwifunge kamba, mwishushe. Uniambie inafika wapi.

ZENON: [mbali na simu] Taa! Shusheni taa! Taratibu, taratibu... [karibu] Imezimika. Hata nusu ya kisima haijafika. Haikuyumba, shemeji, imezimika tu kama mtu kainyonga.

WILIBRODI: Hapo ilipozimikia taa ndipo atakapozimikia Flavian. Mwambie hivyo. Sululu zenu mnanolea wapi?

ZENON: Kwa huyo huyo Flavian. Ana mivukuto ya babu yake, ile ya kufulia chuma.

WILIBRODI: Na Bwana Mkubwa ana mpira wa kumwagilia bustani.

ZENON: Anao, lakini— shemeji, mpira ule ukiguswa nafukuzwa kazi.

WILIBRODI: Akufukuze ukiwa hai. Funga mpira kwenye mdomo wa mvukuto, zungushieni kitambaa na udongo hewa isivuje, halafu mshushe ncha ya mpira mpaka chini. Mvukute bila kupumzika. Nenda!

ZENON: [mbali na simu, sauti nyingi] ... Huo huo! Kateni kitambaa! ... [karibu, anahema] Flavian anasema mivukuto ni ya moto, si ya watu. Anasema kaupepo hako katasukuma nini?

WILIBRODI: Mwambie upepo nao ni chembe, ila hazionekani. Akiukandamiza mvukuto zinasongamana, zinapigana vikumbo, zinatafuta pa kutokea, na pa kutokea ni mpira peke yake. Zitafika chini na nguvu zao, ziichokoe ile hewa nzito mpaka ipande. Mwambie asipofanya hivyo kaka yake hatoki.

ZENON: [mbali] ... [karibu] Kakubali. Wanavukuta. Unasikia?

WILIBRODI: Nasikia. Ngoja, usikate. [mbali na simu] Mwalimu Silvana! Kimbia kwa Zubery, kule Mazwi, mwambie atoe lori lake liende Mwimbi sasa hivi, na limpitie daktari wa misheni! ... Nani? ... Ni Zenon, mama. Ni Zenon anapiga. Mambo ya kambini tu. [karibu] Ni dada yako Dominika huyu. Anapepeta ulezi hapo nje, kasikia nafoka, kaja kuchungulia. Anakusalimu.

ZENON: [mbali na simu] Vukuteni! Msiache!

WILIBRODI: Zenon?

ZENON: Nami namsalimu.

WILIBRODI: Anauliza kama Adolfu analivaa lile koti alilomshonea. Anasema baridi ya huko imezidi ya hapa.

ZENON: Anali— alilivaa. Asubuhi alikuwa nalo. Kaliacha ukingoni.

WILIBRODI: Ukingoni mwa nini?

ZENON: Nisamehe, shemeji.

WILIBRODI: Yule wa juu.

ZENON: Nilimshika mkono, akaponyoka. Haki ya Mungu nilimshika.

WILIBRODI: Bado anakoroma?

ZENON: Anakoroma. Kwa mbali. Shemeji, nishuke! Sema neno moja tu. Nitaziba pumzi, nimshike kwapani, wanivute. Ni mtoto wa dada yangu, nitamtazamaje Dominika? Sema nishuke!

WILIBRODI: Shuka— Hapana. Hapana, Zenon. Usishuke.

ZENON: Ni Adolfu!

WILIBRODI: Najua ni nani! Jina nilimpa mimi! Shusha taa kwanza. Ikiwaka, shuka. Ikizimika, hushuki wewe wala Flavian wala mtu mwingine yeyote, hata nikikulilia. Umenisikia? Hata nikikuomba mimi mwenyewe baadaye, usinisikilize.

ZENON: [mbali na simu] Taa tena! ... [karibu] Wananiitia toka ukingoni, imepita pale pa mwanzo. Inakwenda... inakwenda... Imezimika.

WILIBRODI: Vukuteni.

ZENON: Wanavukuta. Mikono imewatoka malengelenge.

WILIBRODI: Wapokezane. Vukuteni.

ZENON: Leonsi aliogopa, shemeji. Asubuhi alisita pale mdomoni, akasema moyo wangu haukitaki hiki kisima leo. Adolfu akamcheka. Akamwambia, baba kanifundisha, kilichopata moto hupanda. Moto wa jana umepanda na kila kitu, humo ndani ni peupe, shuka tu. Leonsi kashuka kwa neno hilo. Alipoanguka, kijana akanigeukia, akasema, mjomba, nimemwua mtu. Akavua koti.

WILIBRODI: Hakusema uongo. Hupanda. Kikiwa bado cha moto, hupanda. Kikipoa hurudi. Nilifika hapo kwenye kupanda kengele ikalia. Nikawaambia habari ya kupoa tutaimaliza muhula ujao.

ZENON: Usiseme hivyo. Ungejuaje?

WILIBRODI: Chini kunasikikaje?

ZENON: Ngoja. [mbali na simu] Nyamazeni! Acheni kidogo, nyamazeni wote! ...

WILIBRODI: Wasiache! Zenon, wasiache kuvukuta!

ZENON: [karibu] Wameanza tena.

WILIBRODI: Umesikia nini?

ZENON: Mivukuto. Nasikia mivukuto tu, shemeji.

WILIBRODI: Vukuteni.

ZENON: Flavian analia, lakini haondoi mikono mivukutoni.

WILIBRODI: Mwambie... hapana. Mwache.

POSTA: Samahani, mwalimu. Boma wanaitaka laini, wana simu yao ya Mbeya. Nimewaambia wangoje. Wanagomba.

WILIBRODI: Nipe kidogo, bwana.

POSTA: Nitawazuia nitakavyoweza. Pole sana, mwalimu.

WILIBRODI: Zenon. Shusha taa.

ZENON: [mbali na simu] Taa! ... Legeza kamba. Legeza... legeza tena... [karibu] Inakwenda. Imepita nusu. Inakwenda tu, shemeji.

WILIBRODI: Inayumba?

ZENON: Ngoja nikachungulie... [karibu, anahema] Haiyumbi. Imefika. Imekaa juu ya mawe, inawaka. Inawaka kama ya altareni. Nimewaona. Leonsi kalala ubavu, na yeye kamkumbatia kwa nyuma, kamba kashampitishia mkono mmoja. Alikuwa amebakiza mkono mmoja.

WILIBRODI: Taa haijazimika?

ZENON: Haijazimika.

WILIBRODI: Basi sasa shukeni. Mmoja kwanza, na kamba kiunoni, na mivukuto isinyamaze.

ZENON: Nakwenda mimi! Nakimbia—

WILIBRODI: Taratibu, Zenon. Hakuna tena cha kukimbilia.

ZENON: Usiseme hivyo. Lori linakuja, daktari anakuja—

WILIBRODI: Anzeni na Leonsi. Flavian kangoja sana.

ZENON: Na dada je? Utamwambiaje?

WILIBRODI: Ameshaacha kupepeta. Yupo hapa mlangoni, na ungo mkononi, ananitazama mdomo. Ukimtoa mfunike na lile koti. Lile alilomshonea, usimfunike na gunia. Haya, nenda, shemeji. Kwa heri, kwa—

ZENON: Kwa heri, shemeji, nitapi—

[laini inakatika]

POSTA: Wameichukua Boma, mwalimu. Mwalimu? Laini haipo tena. Weka mkonga chini, mwalimu.